Siku Kumi na Moja Nyavu Zikiwa Majini

Wewe unayesoma haya, umemla samaki ngege juzi tu. Umemlia Kisumu kando ya ziwa, umeyapa maji mgongo kwa sababu mwanga ulikuwa ukikuchoma macho, na ulipomaliza ukanyonya kichwa, ukasifu mchuzi, ukanawa. Hakuna anayekulaumu kwa kula. Lawama ni ya huo mgongo. Huyo ngege hakuvuliwa na mtu aliyekwenda kubahatisha. Alifugwa kizimbani, ndani ya wavu ulioning'inizwa majini kutoka kwenye fremu ya vyuma na mapipa, na wavu hutoboka. Fisi maji huutoboa, kenge huutoboa. Ukitoboka, mtu hushuka kuushona. Hushuka na sindano, uzi, na pumzi moja kifuani. Uliwahi kuuliza ni mtu gani? Hukuuliza. Ulikuwa unaitisha ndimu.

Mmoja wao aliitwa Khaemba. Alikuwa wa miaka ishirini na sita, mtu wa Bungoma, na aliyemfundisha kubana pumzi alikuwa dada yake mwenyewe, Nabututu.

Nabututu alikuwa amekaa Watamu miaka tisa akiwaongoza wageni baharini. Aliwavisha miwani ya mbizi na mrija wa kupumulia, akawashika mkono, akawaonyesha kasa wakila majani chini kule kama ng'ombe malishoni. Wageni walipokatika mwaka wa korona, alirudi huku Kisumu, akapanga chumba Migosi, akawa anauza viatu vya mitumba pale Mamboleo. Miwani na mrija alikuja navyo. Krismasi moja alimpeleka mdogo wake mto Nzoia akamfundisha: usipigane na maji, hesabu polepole, ukiogopa pumzi itaisha kabla hujafika popote. Khaemba akahesabu hadi mia moja na ishirini. Kwa hesabu hiyo akapata kazi vizimbani, na dada mtu akachinja kuku.

Simu ya Khaemba ilipofika siku ya tatu ikiwa imezimwa, Nabututu alikwenda ofisini kwa waajiri wake mjini. Watu huiita Kampuni, basi, kana kwamba duniani hakuna nyingine. Karani hakuinua macho. Alisema kijana wao ametoroka kazi, pengine amevuka Uganda, vijana wa siku hizi hawatulii. Nabututu akauliza alikuwa bichi gani mara ya mwisho. Karani akajibu kwamba wapiga mbizi huzungushwa, na Kampuni ina vizimba kwenye bichi saba za wavuvi.

Nyumbani Bungoma wazee walikuwa wameanza kuzungumza chini chini habari za mgomba. Mtu akipotea asionekane, kwao hukatwa shina la mgomba, likavikwa nguo, likazikwa mahali pake, ili walio hai wapate kulala. Mama yao mgonjwa aliwasikia. Alimpigia Nabututu simu akasema maneno machache:

"Mimi sikuzaa mgomba. Niletee mtoto wangu."

Basi Nabututu akafunga mkoba mmoja akaondoka peke yake. Bichi ya kwanza alisema ukweli, kwamba anamtafuta ndugu yake. Mlinzi alimfungia lango na maneno yake mdomoni. Kuanzia bichi ya pili akawa mtalii. Alivaa kofia pana, akaning'iniza miwani shingoni, na kila aliyemuuliza akamwambia kwamba anatembea miji ya ufuoni akitazama viumbe vya majini. Watu walicheka sana, na mtu anayechekwa haulizwi kitambulisho. Kendu Bay kijana mmoja alimuuliza kama hiyo miwani ni ya kuchomelea vyuma. Homa Bay wanawake walimwonya kwamba huku hakuna kasa, huku kuna mamba, na mamba hapigwi picha. Alicheka nao. Kisha akaingia majini, kila mahali, uso chini, mrija juu, akaelea kuelekea vizimba mpaka afukuzwe.

Aliona mengi. Penye maji mazito kama uji wa wimbi hakuona hata mkono wake. Samaki kamongo alipita chini yake, mrefu, bila haraka. Karibu na miamba ya Mbita maji yalikuwa safi kidogo, akaona fulu, wale samaki wadogo wa buluu na manjano ambao wazee husema waliisha. Mama fulu mmoja alimwona akaogopa, akafungua kinywa, na watoto wake wote wakaingia humo mpaka hatari ipite. Nabututu alipoteza hesabu ya pumzi. Alitoka akaketi juu ya jiwe akakohoa kwa muda mrefu, na waliokuwa wakifua nguo wakadhani amemeza maji.

Siku ya kumi na moja tangu simu izimwe, alifika bichi ya saba, Kolela.

Kolela ina mashua thelathini na moja na sheria moja ambayo hakuna serikali iliyoiandika. Nam, kama wanavyoliita ziwa huko, ikila mtu, nyavu zote hutoka majini. Hakuna anayevua mpaka mwili upatikane, hata kama omena, dagaa wa ziwa, wamejaa mpaka maji yanachemka. Kolela imesahau mengine, lakini siku hizo inazikumbuka, ukitaka kuhesabu. Alipozama mwalimu mkuu, nyavu zilikauka siku tisa. Alipozama mtoto wa diwani, aliyekuwa amelewa na kila mtu anajua alikuwa amelewa, siku sita. Hata yule kichaa wa sokoni ambaye jina lake halikujulikana, siku tatu. Watu walikula ugali kwa sukuma wakanyamaza.

Ila sheria hiyo ina mlango mdogo wa nyuma. Huanza siku ambayo mwenye mashua wa Kolela anatamka mbele ya watu kwamba nam imekula mtu. Neno hilo lisipotamkwa, hakuna aliyeliwa. Na mwezi huo ulikuwa umeingia giza, wakati wenyewe wa omena.

Nabututu hakuyajua hayo. Alichojua ni kwamba alipomtajia Awuor, mama mmoja aliyekuwa akianika omena, kwamba amesikia kulikuwa na mpiga mbizi hodari hapa, Awuor aliinama akageuza omena ambao walikuwa wamekwisha kugeuzwa. Alisema yule alisafiri. Mzee mmoja naye akasema alisafiri. Mwenyekiti wa bichi, Dalmas, mtu mnene mwenye simu mbili, akasema alisafiri, tena kwa tabasamu. Watu watatu, neno moja, na hakuna aliyesema wapi.

Alikodi mashua ya mzee Ogola, ambaye hakuwa ametoka kuvua siku hiyo kwa ajili ya mgongo unaouma. Ogola akapiga kasia. Walipofika kizimba cha nne kutoka mwisho, aliacha kupiga kasia bila kuambiwa, akatazama upande wa pili.

"Hapa samaki ni wengi, mama," alisema. "Angalia hapa."

Nabututu aliteremka. Ngege walikuwa wanazunguka ndani ya wavu upande mmoja, duara lile lile, maelfu, waliokufa wamelala chini kabisa kama majani yaliyooza. Kizimba hicho kilikuwa na nyavu mbili, wa ndani wa kuwafuga na wa nje wa kuzuia fisi maji, na kati yazo nafasi ya mtu kupita kwa ubavu. Aliufuata wavu wa nje kwenda chini akihesabu. Thelathini. Arobaini. Kwenye arobaini na nane aliona mguu.

Ulikuwa katikati ya nyavu mbili, chini kabisa, pale zinapokutana. Vidole viwili vya mguu wa kushoto vilikuwa vimeshikana tangu kuzaliwa, kama vya mama yao. Sindano ya kushonea ilikuwa bado imening'inia kwa uzi wake. Alikuwa ameshona tundu lote. Alimaliza kazi ya watu, kisha nyavu zikambana, akakosa njia ya kutokea.

Alipopanda juu hakulia. Alishika ukingo wa mashua akavua miwani.

Ogola alimwahi kwa sauti ya chini. "Mama, tafadhali, usiseme hiyo neno, ati nam imekula mtu. Mimi iko na mashua. Ukisema nikisikia, lazima niseme huko bichi, na nyavu zote zitoke majini."

"Ulijua?"

"Tulijua alishuka. Hatukuona kupanda." Mzee alitazama mikono yake. "Mwenyekiti alituambia kama hakuna mtu aliona, basi alisafiri. Ilikuwa ni omena, mama. Kila mtu alingoja mwingine aseme."

"Siku kumi na moja mmengoja."

"Ndiyo."

"Basi sikia, mzee Ogola. Nam imekula mtu. Anaitwa Khaemba, mtoto wa Wakhungu, na mimi ni dada yake. Nimesema, na wewe umesikia."

Ogola alifumba macho kama mtu aliyemwagiwa maji baridi. Kisha akaanza kufikiri kama mvuvi. Wavu wa nje una mawe ya kuuzamisha. Mashua moja haiwezi kuuinua. Zinatakiwa nne, moja kila pembe, na watu wavute pamoja, polepole, ama sivyo mwili utateleza uende kwenye tope usionekane tena. Akamwambia apande warudi wote bichi wakaite watu. Nabututu akakataa. Alisema ameshafungiwa lango moja, na anajua jinsi milango inavyofanya kazi. Akiondoka hapo, watakaporudi watakuta maji matupu, na karani atasema alimwambia kijana ametoroka. Ogola aende peke yake. Yeye atabaki.

Akabaki, mikono imeshika pipa, magugumaji yakimgusa shingo. Kila alipopata nguvu alishuka, akapitisha vidole kwenye matundu ya wavu mpaka akagusa shati, akapanda tena. Alimwambia Khaemba mambo ambayo hayawahusu wasomaji. Moja tu liandikwe: alimwomba msamaha kwa ile hesabu ya Nzoia.

Ogola alirudi jua likiwa limeanza kuegemea. Alirudi peke yake, wavu wake mwenyewe umerundikwa ndani ya mashua, bado unachuruzika maji. Alikuwa ameutoa kwanza, kama sheria inavyotaka, kisha akasimama penye vianikio vya omena akalitamka neno mbele ya wote. Alisimulia huku akikwepa macho ya Nabututu. Dalmas alicheka kwanza, akasema jua limempiga mzee kichwani. Watu walipokosa kucheka naye, akabadilisha. Alisema hata kama ni kweli, aliyekufa ni jamwa, mtu wa kuja, aliletwa na kazi, nam haifungwi kwa ajili ya watu wa kazi. Mwenye kulalamika aende polisi, na polisi watakuja kesho. Kisha akaenda pembeni akapiga simu.

"Na watu?" aliuliza Nabututu.

"Waliangalia chini. Awuor alizoa omena yake, mbichi hivyo hivyo, akasema hauzi. Akawaita wanaume majina mbaya, majina ya mama zao. Lakini Awuor hana mashua."

Wakati huo huo ikasikika injini. Kutoka kwenye gati la Kampuni ilikuwa imeng'oka boti nyeupe, watu watatu ndani, na nyuma yake imelala kamba nene iliyozungushwa, ile ya kukokotea vizimba. Kizimba kikikokotwa, wavu wa chini hukunjamana na kuburura topeni, na kilichomo katikati hukatika au huachwa. Ogola alilijua hilo. Nabututu alilisoma usoni mwake.

Hakupiga kelele. Alichukua kamba ya kutia nanga ya mashua ya Ogola, akafunga ncha moja kwenye chuma cha kizimba, nyingine akajizungushia kiunoni, fundo mara tatu, lile fundo alilowafunga wageni waoga kule Watamu wasichukuliwe na mkondo. Wakitaka kumkokota Khaemba, watawakokota wawili. Ogola akaifunga mashua yake kwenye pembe ya kwanza, akaketi, kasia magotini. Umri wake ni miaka sabini na moja. Nabututu alivaa miwani, akauma mrija, akaweka uso majini ili amwone ndugu yake.

Boti iko mita mia nne. Sasa mia tatu na nusu.

Pembe moja ina mashua. Zimebaki tatu. Ufuoni zipo thelathini, zimelala mchangani matumbo wazi, na wenyewe wamesimama kando yazo wanangoja mwingine aanze. Hakuna mwingine. Usiulize kabila la marehemu, usiulize polisi watafika saa ngapi, usiseme utauliza kanisani Jumapili. Mwenye wavu majini autoe sasa hivi. Mwenye mashua aisukume. Asiye na mashua amshike mkono mwenye nayo ampeleke mpaka maji yamfike magotini. Mwenye simu aiinue, awapige picha wale watatu na kamba yao, nyuso zao, namba ya boti yao, atume kila mahali kabla hawajafika. Na wewe uliye mbali, kwenye bichi nyingine, mbele ya sahani nyingine, kuna mtu anashuka chini ya kizimba cha hapo kwenu mchana huu huu: nenda ukasimame ukingoni uwahesabu wanaoshuka, na usiondoke mpaka idadi ya wanaopanda iwe ile ile.

Mita mia tatu. Inuka, sukuma mashua.