Tangi Litakauka Saa Ngapi

TANGAZO KWA UMMA. Kwa heshima na taadhima, Idara ya Utabiri wa Maji ya Kidato cha Tano inautangazia umma wa shule hii kwamba, kwa mujibu wa sheria za fizikia ambazo hazijawahi kukosea tangu ulimwengu uumbwe, tangi kubwa litakauka kesho, Jumapili, saa kumi na moja kamili jioni. Kabla ya saa hiyo kila raia aoge kwa amani. Limetolewa na Luqmani, Mkurugenzi.

Tangazo hilo lilibandikwa kwenye mlango wa bwalo siku ya Jumamosi, saa tano na nusu asubuhi, kwa gundi ya ugali wa jana. Saa tisa alasiri ya Jumamosi hiyohiyo, Mkurugenzi alikuwa bafuni, amejipaka sabuni kuanzia utosini hadi magotini, macho ameyafumba, akiwaza ukuu wake. Bomba likakohoa mara mbili. Likatoa tone moja, kama linaloaga, likanyamaza.

"Oya!" Luqmani akaita gizani mwa macho yake. "Nani kafunga maji?"

Hakuna aliyekuwa amefunga maji. Tangi lilikuwa limekauka, saa ishirini na sita kabla ya wakati uliotangazwa.

Habari yenyewe ilianza Ijumaa. Mvua ilikuwa imeporomosha udongo huko juu Uluguru na kuziba mrija unaoleta maji shuleni, na siku hiyohiyo bomba la kwenye karo la kufulia likakatika shingo. Maji yakawa yanaingia kwa ahadi na kutoka kwa vitendo. Fundi wa Mwembesongo alisema atafika Jumatatu, na kwa jinsi alivyolitamka neno Jumatatu ilionekana hakumaanisha Jumatatu fulani. Wanafunzi wakaweka ndoo chini ya lile bomba kwa zamu, lakini maji yalikuwa mengi kuliko ndoo.

Madam Zuleha, mwalimu wa fizikia, badala ya kusikitika alifurahi.

"Leo ndiyo mtaacha kuniuliza fizikia inasaidia nini," alisema. "Tangi likijaa, maji yanasukumwa kwa nguvu, yanatoka mbio. Yakipungua, mbio zinapungua. Mwendo unafuata kipeuo cha pili cha kina. Sasa, kama mwendo wenyewe haukai mahali pamoja, mtajuaje tangi litakauka saa ngapi?"

Darasa likainamia madaftari kana kwamba jibu limeanguka sakafuni.

"Haya. Mnashuka kutoka Morningside, kule mlimani, ukungu umetanda, huoni hata vidole vyako. Utafanyaje?"

"Nitakaa chini nilie, madam," alisema Luqmani.

"Na ukishamaliza kulia?"

"Nitaanza upya, madam."

"Utatazama pale unapokanyaga," alisema Madam Zuleha, asicheke, ingawa shavu moja lilimsaliti. "Mteremko ukoje hapo? Utakwenda hatua kumi ukijifanya mteremko ni uleule. Utasimama, utatazama tena, utakwenda kumi nyingine. Na sisi tutashuka na maji hivyohivyo, nusu saa kwa nusu saa. Pimeni kina mara mbili, mtafute bomba lina ulafi kiasi gani, halafu mshuke mpaka sifuri. Ndoo za jikoni na bafu zisahauni. Mbele ya lile bomba hayo ni mate tu."

Kazi ikapewa Luqmani na Gabrieli. Gabrieli alikuwa kijana wa Mgeta, mtu wa maneno machache, anayeweza kupanda ngazi ya tangi akiwa na ufito uliochorwa sentimita bila kuishika ngazi kwa mikono yote miwili. Luqmani alikuwa mtu wa kubaki chini na kuandika.

Na hapa inabidi tumseme kidogo. Luqmani alikuwa na barua mbili za onyo. Ya kwanza aliipata kwa kubandika "INAUZWA" kwenye mlango wa ofisi ya mkuu wa shule, pamoja na bei. Ya pili aliipata kwa kuwaarifu kidato cha kwanza kwamba kila mgeni lazima apimwe kifua na mkuu mwenyewe, na watoto wa watu wakapanga foleni nje ya ofisi, mashati mikononi. Barua ya tatu, kwa utaratibu wa shule ile, husafiri kwenda nyumbani pamoja na mwenye nayo. Nyumbani kwa Luqmani ni Mikese, kando ya barabara kuu, ambako mama yake, Bi Maimuna, aliwauzia abiria mihogo ya kukaanga na kumweleza kila mmoja kwamba mwanawe anasomea uhandisi. Kuna madereva wa malori waliokwisha kumuulizia huyo mhandisi kwa jina. Luqmani aliweza kuvumilia adhabu yoyote ile, hata ya kulima, lakini si kushuka pale kituoni na begi lake siku ya kazi, mama ameshika kijiko cha mafuta, abiria wanatazama.

Kwa hiyo alikuwa ameapa kutulia. Akatulia kweli, mpaka ile Jumamosi saa tano asubuhi, alipoketi kwenye chumba cha kompyuta na jedwali lake. Alibahatisha ulafi wa bomba, akashuka hatua kwa hatua, akakosa. Akabahatisha tena, mpaka hatua zake zikapita sawasawa kwenye vipimo vyote viwili vya Gabrieli. Sentimita mia moja arobaini na nne, kisha themanini na moja. Akaendelea kushuka. Sifuri ikaangukia kesho yake, Jumapili, saa tisa alasiri.

Saa tisa! Luqmani aliitazama namba ile kama mtu aliyeletewa zawadi asiyoiomba.

Kwa maana Jumapili hiyo kulikuwa na kikao cha wazazi saa kumi, na hotuba ya wanafunzi ilikuwa isomwe na Thobias, kiranja mkuu. Thobias, kabla ya jambo lolote la maana, huoga kwa dakika arobaini, akiimba, huku wenzake wamepanga foleni nje na taulo shingoni. Kesho saa tisa kiranja mkuu angekuwa na povu la kutosha kufulia mablanketi ya bweni zima. Ilibidi tu asijue. Hapo ndipo lile tangazo la mlangoni lilipopata saa yake.

Turudi bafuni. Luqmani alijifuta povu kwa shuka. Lile lililobaki likamkaukia mwilini, ngozi ikambana hata akawa anatembea mikono ikiwa mbali na mbavu. Nje, Mama Anastasia, mpishi mkuu, alikuwa amesimama katikati ya uwanja na mwiko wake mrefu.

"Nani kanikaushia tangi?" alikuwa akipaza sauti. "Mmeniambia kesho jioni, nimewasha moto, maharage yako sufuriani hayana hata tone! Watoto mia nne hawa leo watakula kokoto? Njooni basi muyatemee mate yaive!"

"Mama, mhalifu amepatikana," alisema Thobias, na kweli alikuwa amemshika Gabrieli kiwiko. "Huyu ameonekana juu ya ngazi mara mbili tangu asubuhi. Amefungulia koki ya chini."

"Nilipima tu," alisema Gabrieli.

"Utapima mbele ya mkuu. Twende."

Luqmani akawatazama wakienda. Kama angenyamaza, Gabrieli angepewa barua kwa kosa la kupanda ngazi vizuri. Kama angesema, wangetaka kuona daftari. Alisimama pale akiwashwa mwili mzima, na haikujulikana kama ni sabuni au dhamiri. Mwishowe akalichukua daftari akawafuata, akijipa moyo kwamba hesabu ni safi na anayekwenda kuchunguzwa ni maji.

Ofisini mlikuwa na mkuu wa shule, Madam Zuleha, Thobias na mtuhumiwa.

"Shikamoo mkuu. Shikamoo madam," alisema Luqmani. "Nimeleta ushahidi. Gabrieli hana kosa, vipimo vyake vinafuata sheria ya maumbile."

"Marahaba. Mbona una madoa meupe?" aliuliza mkuu.

"Sayansi, mkuu."

Madam Zuleha akalifungua daftari na kupitisha kidole kwenye jedwali. Kidole kikasimama.

"Hesabu hii umeifanya saa ngapi?"

"Saa tano asubuhi, madam."

"Na kipimo cha pili?"

"Kimeandikwa hapo, madam. Tisa kamili."

"Saa tisa ya leo imepita sasa hivi, na wewe wakati huo ulikuwa na sabuni. Saa tano umekijuaje kina cha saa tisa? Ulikwenda mbele ukarudi?"

Luqmani akainamia jedwali.

"Ile saa moja ya juu niliandika mimi, kwa saa yangu ya mkononi," alisema Gabrieli polepole. "Asubuhi, tulipotoka paredini. Tisa siyo mwandiko wangu."

"Hiyo niliisoma kwenye kompyuta, kupitia dirishani, Gabrieli alipopima mara ya pili," alisema Luqmani.

"Na kompyuta ikisema tisa asubuhi, nyumbani kwenu Mikese wanasema saa ngapi?"

Luqmani akahesabu kwa vidole.

"Saa tatu, madam."

"Kutoka saa moja mpaka saa tatu ni saa mbili. Wewe umetoa moja kwenye tisa, ukapata nane." Madam Zuleha akachukua kalamu, akashuka upya nusu saa kwa nusu saa, midomo ikicheza. Akafika chini, akaiweka kalamu. "Jumamosi, saa tisa alasiri. Mkuu, hakuna aliyegusa koki. Tangi limefanya lilivyopaswa kufanya. Huyu ndiye aliyechanganya saa za Waswahili na za mashine."

Mkuu wa shule akacheka mpaka akavua miwani. Gabrieli akaachiwa kiwiko. Hata Thobias alitabasamu kidogo, kwa kadiri cheo kilivyomruhusu.

"Hilo ni kosa la saa, si la utundu," alisema mkuu. "Kamsaidieni Mama Anastasia kuchota maji mtoni, yaishe."

Luqmani alikwisha kunyoosha mkono kulipokea daftari. Madam Zuleha hakuliachia.

"Subiri. Hata kwa saa zako za vurugu, umepata Jumapili saa tisa. Mlangoni umeandika saa kumi na moja. Saa mbili za ziada umezitoa wapi?"

"Ni... tahadhari, madam. Wataalamu huongeza."

"Wanaotahadhari hupunguza."

Thobias alikuwa amejiinamisha mezani kuona vizuri. "Na hii T hapa pembeni ni nini?" aliuliza. "Imechorwa na mapovu kichwani."

"Ni joto," alisema Luqmani. "Kwenye fizikia T ni joto."

"Hesabu hii haina joto popote," alisema Madam Zuleha. "Na joto halivai tai ya kiranja."

Wote wanne wakamtazama. Luqmani akatazama dirishani, akaona milima iko palepale, haina msaada.

"T ni Thobias," alisema. "Nilitaka maji yakukatikie kesho ukiwa katikati ya povu, kaka, wazazi wakiwa wamekaa. Saa kumi na moja niliitunga ili usijihadhari. Gabrieli hakujua lolote. Na samahani, Mama Anastasia pia nitamwomba msamaha, maana alinisadiki."

Mkuu akavaa miwani, akavuta karatasi yenye nembo ya shule. "Mama yako bado yuko Mikese?"

"Bado, mkuu," alisema Luqmani. "Naomba tu umwandikie kwamba hatua zenyewe nilizishuka vizuri. Saa ndiyo niliikosea. Na hiyo tai, mkuu, kweli niliichora mimi."