Pasi Haifumbi Macho

Bosi Mdogo alirudi kutoka semina ya siku mbili ya kutuliza akili, na kengele ya shaba na sauti mpya, laini, kama ya mtu anayembembeleza mtoto wa jirani. Duka la dobi ni la baba yake, lakini mzee miguu inamsumbua, kwa hiyo binti ndiye anayekaa kaunta. Nyuma, kwenye meza za pasi, tuko wawili: mimi mwenye miaka thelathini na mmoja kazini, na Mama Pacha mwenye miezi minne.

"Nikipiga kengele," akasema, "kila mtu aache anachofanya. Tunafumba macho, tunavuta pumzi tatu. Tunakuwepo hapa, sasa hivi."

"Kwani mimi nilikuwa wapi?"

"Mwili upo, Bibi. Akili inazurura."

Akili yangu izurure nimeshika chuma cha moto! Vidole vyangu vyote kumi ninavyo, aje avihesabu. Nguo nikiigusa kwa mgongo wa kiganja najua imebakiza maji kiasi gani. Kengele ikilia nilikuwa nasimamisha pasi, nafumba jicho moja. Kwa lile la pili nilimtazama yeye: kila siku yuko kwenye simu.

Mama Pacha hana ujanja huo, ni mtiifu. Alhamisi asubuhi alikuwa anapiga pasi suruali ya kijivu ya baba mmoja aliyeitwa usaili wa kazi kesho yake. Kengele ikalia. Akaacha kama alivyoambiwa: mikono chini, macho kayafumba, pasi imelala juu ya goti la suruali. Mimi nilikuwa nimempa mgongo, natundika mashati. Pua ndiyo iliyoniambia. Niliruka kama si mimi mwenye magoti mabovu, lakini alama ilikuwa imeshakaa, ya kahawia, hata matundu ya mvuke unayaona.

Bosi Mdogo akaja mbio. Ile sauti ya semina imemtoka yote.

"Umefanya nini wewe? Akili ilikuwa wapi?"

"Nilikuwa navuta pumzi, dada."

"Hukuwepo! Ungekuwepo ungeona. Vua aproni uende. Usirudi!"

Mama Pacha akaanza kufungua kamba. Hakulia; vidole tu vilishindwa na fundo. Damu ikanipanda mpaka masikioni.

"Subiri kidogo, mwanangu," nikamwambia Bosi Mdogo kwa sauti yangu ya asali, ile ambayo marehemu mume wangu akiisikia alikuwa anatafuta viatu. "Mimi mzee somo halijaniingia. Hebu nionyeshe."

Nikalitoa koti lake jeupe msumarini, nikalitandaza mezani, nikamshikisha pasi. Alipofika kifuani mwa koti, nikaigonga kengele.

Akainua pasi haraka. Macho kodo.

"Fumba," nikamwambia.

"Bibi, litaungua!"

"Mikono chini. Pumzi tatu." Nikagonga tena, kwa nguvu.

"Bibi, basi!"

"Kumbe unajua! Koti lako unalionea uchungu, nguo ya mwenzio unaipigia kengele! Huyu umemwambia aache, akaacha. Sasa unamfukuza kwa kukusikiliza, halafu mimi niliyekuwa nakudanganya kwa jicho moja ndiye nibaki? Akivua aproni, na mimi navua. Njiani nampitia baba yako nikamjulie hali."

Akaisimamisha pasi.

"Mama Pacha, baki," akasema kwa sauti ndogo. "Lakini mwenye suruali…"

"Utamwambia wewe. Masikio yangu yatakuwepo hapahapa."

Yule baba mwenye suruali alikuja saa kumi. Nilizima pasi nisikie vizuri.

"Nimeiunguza mimi," Bosi Mdogo akasema.

Baba wa watu akafoka, na haki yake. Kesho asubuhi avae nini? Mama Pacha alitaka kutoka akasaidie kuomba radhi, nikamkanyaga mguu. Baadaye nikampelekea mteja glasi ya maji na kiti. Bosi sikumpa hata pole.