Lango Lililonisindikiza

Usiku wa jana, nikiwa nimelala chali, niliota nimekwenda na mke wangu Mwanakombo kutembelea ngome ya mfalme. Yeye alichungulia kisima, akasema ameona inatosha, akatoka kununua machungwa. Mimi nikabaki, maana napenda kusoma vibao vyote.

Kibao cha mwisho kilisema: MGENI HATOKI BILA KUSINDIKIZWA. ATAKAYEKUTWA NDANI JUA LIKITUA NI MALI YA NGOME.

Jua lilikuwa chini. Nikauuliza mzinga mmoja wa chuma uliokuwa karibu kama sheria hiyo bado inafuatwa.

"Sana, kaka," ukajibu. "Mimi nilikuja kutembea tu. Nilikuwa mwalimu wa hesabu."

Masikio yangu yakaanza kuwa chuma. Nikauliza ni nani anayesindikiza.

"Mwenyeji. Mfalme alishakufa, limebaki lango."

Nikaenda kwenye lango. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Unaondoka mara hii? Hata kahawa hujanywa."

"Siku nyingine. Naomba unisindikize."

Lango likajitoa kwenye bawaba, likatembea nami polepole, likilalamikia mchwa. Tulipopinda kona tukawa mtaani kwetu, mbele ya nyumba yangu. Masikio yakalainika.

"Niishie hapa," likasema.

"Basi nikurudishe kidogo, mzee," nikasema. Ndivyo nilivyolelewa.

Tukarudi mpaka ngomeni. Mzinga ukanitazama bila kushangaa. "Kutoka nje kulinishinda hivyo hivyo," ukasema.

"Haifai urudi peke yako," likasema lango, likanisindikiza tena. Nami nikalirudisha. Safari hii chuma kilifika shingoni. Jua lilikuwa limebaki kipande kama ganda la kucha.

Tulipofika tena mtaani, Mwanakombo alikuwa mlangoni anamenya machungwa.

"Nyinyi wawili mna nini?"

"Tunasindikizana," nikasema. Shingo haikugeuka vizuri.

"Akikwambia anaishia hapa, mwambie kwaheri, uingie ndani."

"Mtu mzima huyu, Mwanakombo."

"Haya, kawe mzinga." Kisha akaligeukia lango kwa heshima. "Mzee, karibu ndani ule. Wali upo tayari."

Lango likautazama mlango wetu. Likautazama kwa urefu, kisha kwa upana.

"Ahsante, mwanangu," likasema taratibu. "Nimeshiba."

Likaondoka haraka kuliko nilivyodhani linaweza. Nikafungua kinywa nijitolee kulirudisha. Mwanakombo akakitia kipande cha chungwa. Jua likatua, nami niko kwetu.

Nikaamka. Shingo ilikuwa inageuka. Nje, jirani yetu Bi Semeni alikuwa anafunga upya kamba yake ya nguo.

"Baba Rehani," akaniambia, "mgeni wenu wa jana, yule mrefu, mwambieni siku nyingine ainame. Kanikatia kamba."

Nikamwomba radhi.

"Ana adabu lakini," akasema. "Alitaka kunisindikiza mpaka jikoni, nikamwambia aende zake."