Kula Kwanza, Chande

Siku Ami Alamin alipoingia kwetu na futi ya fundi cherehani, akapima madirisha yote mawili ya sebuleni huku akimwuliza Mama hali ya goti lake, ndipo nilipojua tumekwisha.

"Wapima nini, Ami?"

"Mapazia tu, mwanangu. Najua mna miaka minne bado. Sina haraka."

Hana haraka, na kalamu i sikioni!

Ami ni wa heshima tu, si wa damu. Fleti yetu iko Diani, orofa ya kwanza. Marehemu Baba aliinunua, lakini ardhi na jengo ni mali ya babake Alamin, Mzee Suleiman wa Munje. Alichonunua Baba hasa ni miaka thelathini na mitatu ya kukaa. Ikiisha, fleti yarudi kwa mwenyewe, na Mama atoka na sufuria zake. Dawa ni moja: Mzee atie sahihi mkataba wa kuongeza miaka, mbele ya wakili, kisha upelekwe kwa msajili wa ardhi Kwale. Sahihi moja tu. Watu wamejenga hoteli nzima Diani kwa muda ambao Mzee ameutumia kutoandika jina lake.

Tulikwenda Munje mara tatu. Shikamoo, marahaba, hali ya watoto, hali ya mbuzi, hali ya mbuzi aliyekufa mwaka juzi. Mama akigusa tu zipu ya mkoba wenye karatasi, Mzee humwita mkewe, "Bi Hasina! Wageni wana njaa!" Sinia laingia. Na Mama hawezi kuzungumza karatasi juu ya chakula cha mtu. Afadhali umwambie avue buibui sokoni. Tukishakula, ni swala. Baada ya swala, Mzee hujinyoosha. Tunarudi na mihogo ya zawadi. Nyumbani sasa tuna mihogo ya kulisha Ukunda nzima, sahihi hatuna.

Mara ya tatu Mama alijikaza akasema. Mzee akamtazama kwa huruma. "Mwanarusi, mimi na marehemu tulipeana mkono. Kaa mpaka uchoke. Karatasi ya nini baina yetu?"

Mama akatokwa na machozi, akashukuru. Njiani nikamwambia, "Mama, mkono wa Mzee una miaka themanini na mmoja. Mkono wa Alamin una futi."

Akafuta machozi, akanipa mfuko wa mihogo nibebe.

Mara ya nne tulikwenda na wakili Garama wa Ukunda, tai shingoni, jasho mpaka kwenye soksi. Mama akagusa zipu. Bi Hasina akaingia na wali wa nazi na samaki wa kupaka. Wakili wetu, msomi mzima, akawa wa kwanza kunawa.

"Nawa, Chande," Mzee akasema.

"Sina njaa, babu."

Tumbo langu likanguruma hadi wakili akaangalia simu yake.

"Amefunga?" Mzee akamwuliza Mama.

"Hajafunga. Ana wazimu."

"Chakula changu kina nini?"

"Ni kitamu mno, babu, ndiyo shida. Nimekila mara tatu, na mara tatu nimerudi bila kilichonileta. Leo sahihi kwanza."

Mama akajifunika uso kwa mtandio. Wakili, vidole vyake vikiwa juu ya samaki, akavirudisha polepole kama mwizi. Mzee alilisukuma sinia katikati ya mkeka.

"Karatasi ya mwisho niliyoitia sahihi," akasema, "nilisomewa na mtu mwenye tai kama huyu wako. Akaniambia ni ya kukodisha shamba langu la Gazi msimu mmoja. Mpaka leo silikanyagi."

Nilikuwa na mzaha umeshafika mdomoni. Nikaumeza. Nilikuja na hasira za miezi minane, na sasa aliyestahili kumwagiwa hayumo chumbani, wala simjui jina.

"Basi usisomewe," nikasema. "Sema wewe, yeye aandike. Kisha uusome mkataba mwenyewe kwa miwani yako, na nakala moja ibaki kwako."

Mzee aliipapasa miwani mfukoni. Kisha akamgeukia wakili. "Andika. Mwanarusi asitolewe na mtu yeyote, hata mwanangu. Naye asiuze bila kuja kuniambia, au kuwaambia watakaokuwapo. Mliomba miaka mingapi?"

"Thelathini na mitatu," Mama akasema ndani ya mtandio.

"Andika tisini na tisa. Sitaki kuuona tena uso huu umelinunia sinia langu."

Ningeruka kwa furaha, lakini wakili akakohoa. Maneno mapya lazima yapigwe chapa upya. Tena, muhuri ameusahau ofisini. Kinyozi amekuja bila wembe! Nikaingia naye garini hadi Ukunda. Tukakuta umeme umekatika. Tukakaa saa mbili tukiitazama mashine ya kuchapa, nami nikihesabu vigae vya sakafu na kumlaani kila mtu niliyemkumbuka, pamoja na mbuzi aliyekufa.

Tulirudi Munje alasiri. Mzee akavaa miwani, akasoma mstari kwa mstari kwa kidole, akarudia wa pili, akarudia wa tano. Kisha akatia sahihi nakala zote. Wakili akapiga muhuri kwa nguvu, kama anayemwua mende.

"Sasa?" Mzee akaniuliza, akafunua kawa.

Sinia lilikuwa vilevile tulivyoliacha. Hakuna aliyegusa hata punje. Mama alinitazama kwa macho ya njaa yaliyojaa ahadi mbaya.

"Mgeni hajala," Mzee akasema, "nani ale?"

Nikanawa. Wali ulikuwa baridi na samaki amekauka, na aibu tu ndiyo iliyonizuia kula kwa mikono miwili. Katikati ya tonge la nne Alamin akaingia, akauona muhuri, akamwuliza babake, akajibiwa.

"Tisini na tisa?" akasema, na kukaa chini bila kukaribishwa. Akanigeukia. "Chande, mapazia yameshashonwa. Kwa vipimo vya madirisha yenu. Hayatafaa popote pengine."

Nilikuwa na wali mdomoni. Nikameza.

"Rangi gani, Ami?"