Bawa la Kushoto

“Hairuki, Baba Cheruto. Nimeshasema.”

“Umesema kama nani? Wewe ni rubani?” Kigen alikuwa ameshavaa kofia, ndege ya kuchonga kwapani, rimoti yake mkononi. “Bawa lilivunjika Jumatano, na Jumatano hiyohiyo nikaligundisha. Wewe kila kitu unanusia matanga.”

Chepkosgei alimpokonya ile ndege, akailaza mezani kati ya vikombe vya chai. Akagonga bawa la kulia kwa kidole, kama mtu anayechagua tikiti maji sokoni. Lilijibu kwa sauti nzito, ya kitu kilichoshiba. Akagonga la kushoto, pale kwenye selotepu nyekundu. Hilo lilijibu kama kibuyu.

“Uliligundisha na nini?”

“Supaglu. Nilimimina chupa nzima, ikanywewa yote.”

“Ikanywewa,” akarudia polepole.

Binti yao alisimama mlangoni na yunifomu yake. “Mathe, please. Wananingoja.” Tangu Januari alikuwa akiichonga ndege hiyo kutoka kwa povu gumu jeupe lililofungiwa televisheni, na juu ya mabawa alikuwa ameandika majina ya darasa lake zima.

Ng’ambo ya ua, kipaza sauti cha shule kilikohoa. “Darasa la kwanza wakae mbele kabisa. Ndege itapita juu yao, iwamwagie peremende.” Watoto wakashangilia. Upepo wa ziwani uliinua ukingo wa bati, ukauachilia.

Chepkosgei aliokota kipande cha povu kilichobaki, akakidondoshea supaglu matone matatu. Wote wakatazama. Povu lilianza kudidimia lenyewe, bila sauti, mpaka pakawa na shimo la kuingia kidole gumba.

“Gundi hii haishiki povu, inalila. Humo ndani ni pango. Kinachoshikilia bawa ni selotepu.”

Kigen akaiweka kofia sawa. “Basi nitaipitisha chinichini. Mara moja tu.”

“Ina uzito wa pakiti ya unga, na puani ina panga linalozunguka. Ukiipitisha chini ndiyo itawakosa?”

“Mama Cheruto, mtoto ataaibika mbele ya shule.”

“Aaibike. Aibu haipelekwi hospitali.”

Kipaza sauti kikaita jina la Cheruto. Kikaita tena, na safari hii watoto wakaliitikia kwa makofi. Kigen akanyoosha mkono kuichukua ndege, macho yake tayari yako uwanjani. Chepkosgei alimjua mumewe. Akishavuka ule mlango na kushangiliwa, hatasikia la mtu.

Akamgeukia binti yake. “Utaninunia, najua.”

Akashika bawa la kushoto kwa mikono miwili, viganja juu ya majina, akaliegemeza gotini na kulivunja.

Halikuhitaji nguvu.