Chaki ya Wifi

Wifi yangu ana mikono mizuri, na hilo ndilo linaloniudhi. Angekuwa mzembe ningempenda mapema tu. Ningemcheka, ningemfundisha, tungemalizana. Lakini aliingia karakanani kwetu akiwa mke mpya wa kaka, akaomba kushika vyuma vya kubandulia matairi, na msimu haujaisha Baba akawa anamwita "mwanangu" kwa sauti niliyodhani ni yangu peke yangu.

Miguu imemchoka Baba. Alikwisha kututangazia mezani kwamba mwaka huu anamkabidhi mtu funguo za karakana, na mtu huyo ni lazima awe anachafuka mikono. Kaka anauza simu, hachafuki. Tukabaki wawili, mimi na wifi.

Siku hiyo alikuja Masafa. Tunamwita hivyo kwa sababu anapeleka vifurushi miji ya mbali kwa pikipiki pana kama ng'ombe, na tairi la nyuma linamwishia kama kifutio cha mtoto wa shule. Begani alikuwa amebeba tairi la gari dogo.

"Nataka hili likae nyuma."

"Hilo la gari, Masafa. Pikipiki inalala kwenye kona. Tairi la gari halitaki kulala."

"Barabara zangu zimenyooka, fundi. Kona nikiiona nitaibembeleza. Wenzangu wameyafunga na yanadumu."

Nikanyoosha mikono kulipokea. Masafa ni mteja wangu miaka yote. Baba, kwenye kiti chake kando ya kompresa, akasema, "Mpe wifi yako ajaribu."

Nikampa. Nilitabasamu mpaka mashavu yakauma.

Tairi la gari kwenye rimu ya pikipiki ni ubishi mtupu. Mdomo wake mgumu, unabana, haukai mahali pake bila sabuni nyingi na upepo wa nguvu. Wifi alipaka sabuni kama anayemwogesha mtoto, akapenyeza upande mmoja, kisha wa pili, rimu isipate hata mkwaruzo. Akafungulia upepo. Wote tukasogea nyuma kusubiri, maana tairi linapokaa vizuri hulia, mlio mmoja kwa kila upande.

Pa! Masafa akaruka. Pa!

"Limekaa!" Baba akajipiga paja. "Mmesikia hiyo?"

Kisha ikaja kazi ya mizani, kazi ambayo ilikuwa yangu. Alipitisha ekseli katikati ya gurudumu, akaliweka juu ya stendi, akaliacha lizunguke lenyewe. Sehemu nzito hushuka chini. Unabandika vipande vya risasi upande wa juu, unajaribu tena, mpaka gurudumu litulie popote unapoliachia. Wifi alibandika, akajaribu, akabandika tena. Lilipotulia, akapiga mstari wa chaki juu ya tairi.

Kwetu chaki ni saini. Fundi akishaipiga, fundi mwingine haligusi gurudumu hilo mpaka mteja aondoke nalo. Baba aliweka sheria hiyo zamani, enzi za mafundi wake waliokuwa wakichongeana mbele ya wateja.

"Shemeji, mikono hii umeitoa wapi?" Masafa alisema.

"Niulize mimi," Baba akajibu, na mkono wake ukaenda mfukoni, kwenye funguo.

Mimi nilikuwa nalitazama gurudumu lile kama mke anavyoitazama simu ya mumewe iliyolazwa kifudifudi. Nilitaka kosa. Nilililia kosa moyoni.

Nikaziona risasi. Nyingi mno, zimepangana kama meno. Tairi jipya halihitaji risasi kiasi kile. Nikachukua bisibisi, nikaisogeza ncha karibu na tairi bila kuligusa, nikalizungusha gurudumu. Nafasi ikafunguka, ikajifunga, ikafunguka. Lilikuwa linaruka. Nikainama kutazama ule mstari mwembamba ubavuni mwa tairi, unaotakiwa kuzunguka rimu kwa umbali uleule kila mahali. Upande wa breki, kwa upana wa kiganja, ulikuwa umezama. Milio yote miwili ilitoka upande wa mnyororo, uliokaa kwa awamu mbili. Wa breki haukukaa wote, na wifi akaufunika upungufu wake kwa risasi.

Ningeweza kumwita pembeni. Nilifuta chaki kwa kiganja, nikachomoa sindano ya valvu. Upepo ukatoka kwa kelele.

"Wifi! Unafanya nini?"

"Njoo uone. Umebandika risasi juu ya tairi ambalo halijakaa."

Akainama. Akaona. "Nilisikia mara mbili," alisema polepole.

"Ulisikia. Hukutazama."

"Na mimi ningeondoka nalo hilo?" Masafa akashika kichwa.

Nilibandua risasi zote, nikaongeza sabuni, nikalijaza upya mpaka upande wa breki ukalia. Mizani iliomba vipande vichache tu. Baba alipoona hivyo akaniita chumba cha nyuma, tukasimama katikati ya matairi makuukuu.

"Kosa lilikuwepo," alisema. "Sikatai."

"Asante."

"Lakini hukulitafuta kwa ajili ya Masafa."

"Hapana."

"Ni wivu."

"Ni wivu, Baba. Nyinyi mnampenda, ndiyo maana mlimsifu. Mimi nikainama."

Mlangoni nilimwona wifi anajifuta mikono, macho makavu. Angelia kidogo ningemsamehe.

"Fundi gani atafanya kazi chini yako akijua unafuta chaki yake mbele ya mteja?" Baba alitoa funguo, akazishika hewani kati yetu. "Toka hapo nje, mwombe radhi wifi yako Masafa akisikia. Ukimwomba, ni zako. Usipomwomba, nampa yeye."

"Hata baada ya alichokifanya?"

"Kutazama mstari wa ubavuni atajifunza kwa siku moja. Wewe hili utajifunza lini?"

Nilizitazama funguo. Nilizitaka, tena sana. Mate yalinijaa kinywani.

"Mpe," nikamwambia. "Mstari nitamfundisha mwenyewe. Na siku akipiga chaki kwenye gurudumu bovu nitaifuta tena, hata karakana nzima ikiwa inatazama. Radhi siombi."