Kikohozi cha Baba Mkwe

Jengo letu la Weston, hapa Toronto, lina lifti mbili, na tangu nihamie pale mwaka 2004 sijawahi kuziona zote zikiwa nzima siku moja. Hii ikipona, ile inaugua. Nalisema hili mapema kwa sababu bila lifti zile mkwe wangu Elinaza asingekuwa na miguu aliyonayo, na bila miguu ile mimi nisingepaa mbele ya ukumbi mzima kama chapati inayogeuzwa.

Mimi nakaa ghorofa ya saba. Mwanangu Rogers na mkewe Elinaza wanakaa ya kumi na moja. Sisi ni watu wa Tukuyu, na kwetu baba mkwe na mke wa mwanawe huheshimiana kwa kukwepana. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni. Elinaza ni binti wa Same, na kwao mambo si makali hivyo, lakini siku alipofundwa, shangazi yake Rogers alimweleza desturi ya nyumba anayoingia, naye akaahidi kuishika. Rogers alimwambia huku ni Kanada, aachane nayo.

"Kanada ni nchi," akamjibu. "Baba yako ni baba."

Basi kila akihisi nipo karibu na lifti, yeye alishika ngazi. Ghorofa kumi na moja, mifuko ya sokoni mkononi, theluji kwenye viatu. Nami, ili tusikutane kwenye kona, nikajizoesha kukohoa. Nikitoka mlangoni, nakohoa. Nikifika kwenye lifti, nakohoa. Nikishuka chini kuchukua barua, nakohoa tena. Wasomali wa ghorofa ya tisa wakanihurumia, wakaniletea asali wakidhani kifua kimekwisha. Asali ilikuwa nzuri, kwa hiyo sikuwasahihisha.

Sasa, Elinaza alikuwa na mchezo wake aliouanza mara tu alipofika Toronto, unaitwa hapkido. Ni wa Wakorea. Mtu anakuja kwako na nguvu zake zote, wewe unampisha kidogo, unakizungusha kiungo chake, anajikuta chini akiuliza nani kazima taa. Yeye alikwenda jioni, akitoka kazini kwenye kampuni ya bima. Mimi nilipelekwa ukumbi uleule miaka kadhaa baadaye na rafiki yangu Agostinho, Mgoa wa Tanga, karani mstaafu ambaye Kiswahili chake kina pwani nyingi kuliko changu.

"Njoo wewe Mnyakyusa," aliniambia, "utakufa umekaa hapo dirishani ukichungulia ndege za watu zikitua."

Darasa la wazee lilikuwa Jumamosi asubuhi. Elinaza alijua nipo, mimi nilijua yupo, na hatukuwahi kugongana hata mlangoni. Habari zake nilizipata kwa mdomo wa Agostinho, aliyekuwa na ruhusa ya kumtazama. Ndiye aliyeniambia kwamba mkwe wangu amekwenda mashindanoni Ottawa na kurudi na medali, kwa teke la kuzunguka lililomvua mtu kofia ya kujikinga bila kumgusa sikio. Nilimwambia aache uongo, maana katika urafiki wetu kazi hiyo ilikuwa yangu.

Na kweli niliifanya kwa bidii. Baada ya mazoezi tulikunywa chai, na wazee wa Kizungu na Kichina walinisikiliza vizuri mno. Niliwaambia upepo wa mto Humber ulinipeperushia kofia hadi uwanja wa ndege, ikarudi baada ya wiki ikiwa na muhuri wa uhamiaji. Niliwaambia pia kwamba tangu ujana wangu hakuna kiumbe aliyewahi kuniangusha. Nilishikana mieleka na fahali wa misheni tangu misa ya kwanza hadi ya mwisho, mpaka fahali akaomba maji. Mwalimu Kang, mwenye ukumbi, ni Mkorea mpole asiyejua kwamba Mnyakyusa akianza hadithi ya fahali unatakiwa ucheke. Aliitikia kwa kichwa kwa heshima na akaondoka na jambo moja: mzee huyu hajawahi kuangushwa.

Novemba 2011 ikaja semina. Mwalimu Mkuu Pyo, aliyemfundisha Kang mwenyewe, alikuwa anakuja kutoka Korea, na alikuwa ametangaza kwamba havuki tena bahari baada ya hapo. Katika shule ile mkanda mweusi ulitolewa kwa mkono wake tu. Elinaza alikuwa miongoni mwa watakaotahiniwa. Akiupata, Kang angemkabidhi darasa la wanawake, na tayari kina mama wa mtaa wa Dixon walikuwa wakiulizia linaanza lini. Akiukosa, hakuna Pyo mwingine. Rogers aliniambia mkewe wiki ile hali wala halali, anapanda na kushuka ngazi hata kama hana pa kwenda.

Siku yenyewe nilikaa nyuma ya nguzo na Agostinho, kama tulivyopanga, nisimkwaze.

Nikamwona Pyo. Jamani. Nimezoea kuongeza chumvi, lakini hapa chumvi sina. Kazee kadogo, shingo kama ya kuku aliyenyonyolewa, kalipanda kwenye mikeka ya mazoezi na mikeka haikutoa sauti. Kalimwita polisi mmoja wa mji wa Brampton, mtu mpana kama kabati, kakamshika kidole kimoja, na kabati likapiga magoti likisema asante. Kisha Pyo akavua mkanda wake akatuonyesha kwamba kitambaa kinaweza kufanya kazi yote ya mkono: kinakamata, kinavuta, kinatupa. Nilijikuta nimefungua mdomo. Agostinho akanifunga kwa kidole.

"Nzi," akasema.

Jambo moja la adabu yao lazima ulijue. Ukitaka kurekebisha mkanda au sare mbele ya mkubwa, hufanyi ukimkabili. Unageuka, unampa mgongo, unajiweka sawa, halafu unarudi. Kwetu ungechapwa. Kwao ndiyo heshima.

Mchana mitihani ikaanza. Jina la Elinaza lilipoitwa nilitazama nguzo yangu. Nikamsikia Kang akitafsiri maneno ya Pyo: mwenzake katika mtihani awe mtu mgumu kuangushwa, je, hapa yupo? Na Kang, Mungu amweke, akajibu kwa furaha kwamba yupo mzee kutoka Afrika aliyemchosha fahali.

"Umesikia?" Agostinho akaninong'oneza. "Fahali wako amefufuka."

"Nifanyeje?"

"Nenda. Huyu babu hakataliwi."

Nikaenda. Goti langu la kushoto likalia kama bawaba kavu, kama kawaida yake. Tukasimamishwa uso kwa uso, mimi na mke wa mwanangu, kwa mara ya kwanza tangu harusi. Mimi nikatazama taa za dari. Yeye akatazama mikeka. Pyo akanikabidhi kirungu kifupi cha mazoezi, nikakipokea kwa mikono miwili. Amri ilikuwa nimshambulie nacho, naye anishike mkono na kuniangusha.

"Anza," akasema Kang.

Hakuna aliyesogea.

"Elinaza, unaogopa?"

"Siogopi, Mwalimu."

"Basi akija, mshike."

"Kumshika siwezi."

Mlangoni nilimwona Rogers ameshika kamera kama mtu aliyeshika sahani ya moto. Nilitaka kusema, lakini sheria ya pale ni kwamba anayesaidia mtihani hana mdomo. Akitamka neno, mtihani umevunjika na mtahiniwa ameshindwa. Mimi, mtu wa maneno, nikawa nimefungwa kinywa siku pekee neno moja la kweli lingefaa kitu.

"Usipomwangusha," Kang akasema taratibu, na niliona inamuuma, "itabidi tuishie hapa."

Elinaza akamwinamia Pyo. Kisha akageuka, akatupa sote mgongo. Watu wakadhani anarekebisha mkanda, na kweli akaufungua. Lakini hakuufunga tena. Akazungusha ncha mbili kwenye viganja vyake, akasimama vilevile, uso ukutani.

"Babu Agostinho," akaita kwa Kiswahili.

"Naam, mwanangu."

"Mwambie baba aje kutoka nyuma. Aje kwelikweli, asinionee huruma."

"Mnyakyusa," Agostinho akapaza sauti, "mkweo anasema uende kama mwanamume."

Kang alitaka kuingilia. Pyo akanyanyua kiganja, akamzuia.

Nikaenda. Nikanyanyua kirungu, na kwa mazoea ya miaka saba, nikakohoa.

Sikuuona mkanda. Nilisikia tu kitu kama shuka linalokung'utwa, na mkono wangu wenye kirungu ukawa si wangu tena. Mgongo wake ukashuka chini yangu bila kunigusa, kama ngazi iliyoondolewa gizani, nami nikapaa. Huko juu nilikuwa na muda wa kutosha. Nilimwona Agostinho kichwa chini miguu juu, nikamsalimia. Niliona kwa dirisha treni inapita, nikasoma inakokwenda. Kisha mkeka ukanipokea mgongoni, puu, na sikuumia hata ukucha, kwa sababu mkanda ulinishikilia mpaka inchi ya mwisho na kunilaza.

Watu wakapiga makofi. Pyo hakupiga. Akasema kitu, na Kang akatafsiri kwa kusitasita:

"Mwalimu Mkuu anasema mzee alikohoa. Kikohozi kimemsaidia. Rudieni, asikohoe."

Nikaona mabega ya Elinaza yakipanda na kushuka, pumzi moja. Hakugeuka. Mimi nikajikusanya, nikarudi nyuma mbali kuliko mwanzo. Nikabana koo. Nikavuta hatua kwa ncha za vidole, kama mwizi wa kuku, nikazunguka upande wa kulia ambako hakunitarajia. Nilijua kwamba nikifanya vibaya kusudi, Pyo ataona, na mkanda utapotea. Kwa hiyo nilifanya kwa ustadi wangu wote. Nilimwinda mke wa mwanangu kweli, huku nikiomba moyoni anishinde.

Nikapiga.

Safari hii hata treni sikuiona.

Nilipofumbua macho, nilikuwa mkekani tena. Polisi wa Brampton alikuwa amesimama bila kujua kwamba amesimama. Elinaza alikuwa bado ameelekea ukutani, ncha za mkanda mikononi, nywele hazijatoka mahali pake. Hakuwa amenigusa. Hakuwa amenitazama. Nimeishi miaka sitini na saba, nimeona mlima Rungwe ukitoka kwenye mawingu asubuhi, nimeona ndege ikitua kwenye barafu usiku, na sijawahi kuona kitu kama mgongo ule.

Pyo akamwendea, akauliza kwa nini hamtazami mwenzake.

"Ni baba wa mume wangu," akajibu.

Kang alipotafsiri, kale kazee kakafumba macho kidogo, kama mtu aliyesikia jina la kijiji chake. Akauliza tena: bila kikohozi, alijuaje nilipo?

Hapo Elinaza akacheka. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akicheka.

"Kikohozi ni adabu yake tu, Mwalimu. Goti lake la kushoto linalia. Nimelisikiliza miaka saba kwenye ngazi. Nikiwa ghorofa ya pili, najua kama yuko ya saba au ameshatoka."

Miaka saba nimekohoa bure! Na asali ya watu nimekula!

Pyo akamfunga mkanda mweusi kwa mikono yake, Elinaza akiwa ameinamisha kichwa. Kisha Pyo akaja kwangu nilipokaa mkekani, akaniinamia hadi kiunoni. Kang akasema Mwalimu Mkuu anamshukuru mtu aliyelifundisha sikio lile. Nilitaka kusema sikumfundisha chochote, nilikuwa nakwenda tu kuchukua barua. Ila nilikuwa bado sina sauti. Agostinho anadai nilinyamaza mpaka tulipofika Weston Road, na kwamba yeye ndiye aliyekuwa karibu kuita gari la wagonjwa.

Picha za Rogers zote zimetoka za dari.

Hadithi hii nimeisimulia Dixon, nimeisimulia kanisani, nimeisimulia hata Thornhill kwa marafiki wa Agostinho. Fahali aliyeomba maji wanamkubali. Hii ya mkwe wanajipiga mapaja wakicheka na kusema, "Baba Rogers, leo umezidisha." Nimeacha kubishana.

Kitu kimoja nilichofanya ni hiki: lifti nimemwachia. Sikumwambia, na hatuambiani, lakini kuanzia Jumatatu iliyofuata mimi ndiye wa ngazi. Rogers alilalamika, "Baba, plizi, umri huo!" Nikamwambia najiandaa na mkanda wa bluu. Ghorofa saba si mchezo. Ya kwanza napanda kama kijana, ya pili kama mzee, ya tatu kama mzigo. Sikohoi tena. Goti linajieleza lenyewe.

Wiki ya pili, nilipofika kwenye kona ya ghorofa ya nne nikiwa nimeshika reli kwa mikono yote miwili, nilikuta kiti. Kiti kidogo cha mbao, kimefungwa mto mwekundu kwa mkanda wa zamani wa hapkido, wa kahawia, ule wanaouvua wakipewa mweusi. Nikakaa. Goti likalia. Na juu kabisa, kwenye ghorofa ya kumi na moja, nikasikia mlango wa ngazi uliokuwa wazi ukifungwa taratibu.